Saratani ya mapafu: usiikimbie tiba ya mionzi

Mpanda na vijiji vyake ni nchi ya tumbaku. Wapo wanaoilima na wapo wanaoivuta. Uvutaji ndio unaoongoza kwa kusababisha saratani ya mapafu, ingawa hata asiyevuta huweza kuipata. Dalili zake, yaani kikohozi kisichokwisha, makohozi yenye damu na kukonda, hufanana na za kifua kikuu. Ukitumia dawa za TB bila kupata nafuu, rudi hospitali ukapimwe zaidi.

Mionzi ya tiba ni ndugu wa ile ya eksirei, ila ina nguvu kubwa zaidi. Huharibu chembe za saratani zisiweze kuzaliana. Chembe nzima zilizo jirani nazo huguswa, lakini hujirekebisha vizuri zaidi. Ndiyo maana dozi hugawanywa kidogo kidogo.

Saratani ikiwa bado haijasambaa, mara nyingi mgonjwa hupewa mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki zipatazo sita, pengine pamoja na dawa. Ikiwa imesambaa, siku chache hutosha kupunguza maumivu, kutokwa damu na kubanwa pumzi. Kila siku hulala mezani dakika chache, wala mashine haiumi.

Wengi huogopa kwamba mgonjwa ataidhuru familia yake. Si kweli. Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Anaweza kula na wenzake na kumpakata mtoto. Madhara yapo: uchovu, ngozi ya kifua kubadilika rangi na maumivu wakati wa kumeza. Mengi hupungua wiki chache baada ya tiba. Lakini akibanwa pumzi hata miezi kadhaa baadaye, arudi haraka. Ikiwa ni Ramadhani, akumbuke kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Katavi hatuna mashine hii. Mgonjwa hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Basi familia ijipange mapema: nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumuuguza. Mkikwama, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Msirudi nyumbani dozi ikiwa nusu, kwani chembe zilizobaki hupata nafasi ya kuota upya. Na sigara iachwe leo, maana huipunguzia tiba nguvu.