Hukumu ya Wahakiki na Hukumu ya Hadhira: Mapokezi ya Msimu wa Tatu wa Star Trek, 1968–1969

UTANGULIZI

Miongoni mwa masuala yanayomkabili mwanafunzi wa fasihi ni lile la nani hasa mwenye haki ya kuihukumu kazi ya sanaa: ni mhakiki aliyefunzwa, au ni hadhira ambayo kazi hiyo ilitungwa kwa ajili yake? Katika fasihi simulizi suala hili halileti ugomvi mkubwa, kwa kuwa hadhira iko mbele ya fanani. Huitikia, hucheka, hununa, na pengine humkatiza msimulizi na kumsahihisha. Katika sanaa ya televisheni, fanani na hadhira wametenganishwa, na baina yao amesimama mwenye mtambo, ambaye ana haja zake mwenyewe, na hasa haja ya matangazo ya biashara.

Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa mfano mmoja, nao ni mapokezi ya msimu wa tatu wa Star Trek, mfululizo wa michezo ya kubuni ya kisayansi ulioonyeshwa na kampuni ya NBC nchini Marekani. Msimu huo ulianza Septemba 20, 1968 na kwisha Juni 3, 1969, ukiwa na michezo 24. Aghalabu husemwa kuwa ndio msimu dhaifu kuliko yote mitatu. Hata hivyo, ndio uliozua mchezo unaozungumzwa kuliko karibu yote, na katikati ya mchezo huo amesimama mhusika mwenye jina lililotokana na Kiswahili. Kwa sababu hiyo mfano huu una mnasaba wa pekee na wataalamu wa lugha za Kiafrika.

MSIMU ULIOOMBWA NA HADHIRA

Star Trek, kazi ya Gene Roddenberry, ilianza kuonyeshwa Septemba 8, 1966. Habari zake ni za wafanyakazi wa chombo cha angani, Enterprise, wanaotembelea sayari za mbali katika karne ya 23. Watazamaji wake hawakuwa wengi kwa vipimo vya wakati ule, na kabla ya mwaka 1967 kwisha ulienea uvumi kwamba mfululizo ungekatizwa. Hapo ndipo hadhira ilipoingia kati. Bjo Trimble na mumewe John waliwahimiza wapenzi wa michezo hiyo kuiandikia NBC barua, na mnamo Januari 1968 wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana hadi studio za kampuni hiyo huko Burbank. Idadi ya barua ina mabishano: wako wanaotaja 12,000, na wako wanaotaja zaidi ya 100,000. Lisilo na mabishano ni kwamba Machi 1, 1968 NBC iliwatangazia watazamaji hewani kuwa mfululizo ungeendelea.

Ushindi huo ulikuwa na kasoro. Michezo ilipangiwa saa nne za usiku wa Ijumaa, saa ambayo vijana, waliokuwa wapenzi wake wakubwa, hutoka kwenda matembezini. Roddenberry, aliyekuwa ameahidi kuisimamia kazi kwa karibu endapo ingepewa saa nzuri, alijitenga na shughuli za kila siku, na usimamizi ukawa wa Fred Freiberger. Fedha nazo zilipunguzwa. Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hapa methali haina budi kugeuzwa kidogo, kwani mgema mwenyewe alikuwa ameshuka mnazini, na aliyetia maji alikuwa mwenye shamba.

LAWAMA

Mchezo wa kwanza wa msimu ulitoa silaha kwa kila mwenye kulaumu. Katika "Spock's Brain", wanawake wa sayari moja wanaiba ubongo wa afisa Spock ili uendeshe mitambo ya mji wao wa chini ya ardhi, naye Spock anatembezwa kwa kidude cha mkononi hadi ubongo urejeshwe. Hata leo, wapenzi wanapoulizwa ni upi mchezo mbaya kuliko yote, jina hili huwa miongoni mwa ya kwanza kutajwa. Leonard Nimoy, aliyecheza nafasi ya Spock, alikiri katika kumbukumbu zake kwamba aliona haya wakati wa kuuigiza.

Lawama zilizotolewa zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lahusu mantiki. Katika misimu ya awali, jambo la ajabu lilikuwa likifuata kanuni zake lenyewe. Katika msimu wa tatu, kanuni hizo zavunjwa mara kwa mara ili kisa kipate kwisha. Fungu la pili lahusu wahusika. Wapenzi walikuwa wakiwajua Kirk, Spock na McCoy kama watu wajuavyo jirani zao, nao walichukizwa kumwona Spock, mtu wa hoja, akitenda kinyume cha tabia yake pasipo sababu. Fungu la tatu lahusu dhamira. Mchezo wa mwisho, "Turnabout Intruder", wamhusu mwanamke anayebadilishana mwili na Kirk kwa uchungu wa kunyimwa unahodha, kisha yeye mwenyewe anaonyeshwa kuwa hawezi kuumudu. Wahakiki wengi wameona kuwa kazi iliyodai kutangaza usawa wa watu ilijikana yenyewe siku ya kuaga.

Yafaa kusisitiza kwamba lawama hizi hazikutoka kwa wahakiki peke yao. Wapenzi waliopigania msimu huo ndio waliokuwa wakali zaidi. Upenzi wao haukuwapofusha macho. Bali uliwapa kipimo, kwa kuwa waliihukumu kazi kwa ahadi zake yenyewe. Mhakiki wa gazeti aliweza kuicheka "Spock's Brain" na kuisahau kesho yake. Mpenzi alihisi kuwa amesalitiwa.

UTETEZI

Pamoja na hayo, msimu wa tatu una watetezi, na hoja zao si za kupuuzwa. "The Enterprise Incident", ulioandikwa na D. C. Fontana, ulitokana kwa kiasi na kisa cha meli ya kijasusi ya Marekani, Pueblo, iliyokamatwa na Korea Kaskazini Januari 1968. Nao wathubutu kuwaweka mashujaa katika nafasi ya wezi na wadanganyifu. "The Tholian Web" husifiwa kwa namna unavyowapima Spock na McCoy wakati nahodha wao anapodhaniwa kuwa amekufa.

La kuvutia zaidi ni athari ya upungufu wa fedha juu ya fani. Katika "Spectre of the Gun", mji wa magharibi ya zamani ya Marekani umejengwa kwa kuta za mbele tu, pasipo nyumba nyuma yake, chini ya mbingu nyekundu. Katika "The Empath", sehemu kubwa ya mchezo yatendeka katika giza tupu, vitu vichache tu vikimulikwa. Wapo walioona umaskini hapo. Wengine waliona jukwaa la tamthilia, ambapo kiti kimoja chatosha kuwa nyumba na mtazamaji hujijengea yaliyosalia.

Kuhusu "Let That Be Your Last Battlefield", ulioonyeshwa Januari 1969, maoni yamegawanyika hadi leo. Watu wawili wa mwisho wa sayari moja wanawindana: mmoja ni mweusi upande wa kulia na mweupe upande wa kushoto, na mwenziwe ni kinyume chake. Wanaporejea kwao wanakuta kila mtu amekufa kwa vita vya chuki hiyo hiyo, na bado hawaachi kuwindana. Wahakiki wengine husema kuwa istiara yake i wazi mno, haimwachii mtazamaji cha kufumbua. Lakini mchezo ulionyeshwa miezi tisa baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Kuna nyakati ambapo fumbo ni anasa.

BUSU LA NOVEMBA 22, 1968

Katika "Plato's Stepchildren", watawala wa sayari moja wenye uwezo wa kusukuma viungo vya watu kwa nguvu za akili wanawalazimisha mateka wao kuwatumbuiza. Miongoni mwa maonyesho hayo ya fedheha, nahodha Kirk, mzungu, na Luteni Uhura, mwanamke mweusi, wanabusiana. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imezifuta sheria za kukataza ndoa baina ya wazungu na weusi Juni 1967 tu, na majimbo 16 yalikuwa bado nazo. Ndani ya NBC kulikuwa na hofu kuwa stesheni za kusini zingekataa kuuonyesha mchezo huo.

Hofu hiyo haikutimia. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alieleza baadaye kuwa barua zilizofika zilikuwa nyingi, na karibu zote za kupongeza. Kwa miaka mingi busu hilo limesifiwa kuwa la kwanza la aina yake katika televisheni ya Marekani. Sifa hiyo imepingwa, kwa mfano na wanaotaja busu la Sammy Davis na Nancy Sinatra katika onyesho la 1967. Wapinzani wana haki kwa upande wa tarehe. Hata hivyo kuna swali zito zaidi kuliko tarehe: katika kisa chenyewe busu si la hiari. Wawili hao wanasukumwa na nguvu za nje, nao wanashindana nazo. Kwa hiyo tendo lililosomwa na hadhira kuwa ishara ya uhuru limeandikwa katika matini kuwa tendo la utumwa. Hadhira ilikataa kulisoma hivyo. Ilikitazama kile ilichokuwa ikikingoja, ikaiacha sababu aliyoiweka mwandishi ili kuwatuliza wenye hofu. Huu ni mfano bora wa maana inayozaliwa katika mapokezi kuliko katika utunzi.

Nchini Uingereza BBC ilifuata njia nyingine. Iliacha kuuonyesha mchezo huu, pamoja na "The Empath" na "Whom Gods Destroy" za msimu huo huo, hadi miaka ya 1990, kwa kuona kuwa mateso yaliyomo hayafai kwa kipindi kilichotazamwa na watoto.

JINA LA UHURA

Jina la Uhura lina safari yake. Nichols alifika kwenye majaribio ya uigizaji akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa 1962. Riwaya hiyo yahusu Kenya katika mkesha wa kujitawala, na inaitazama nchi zaidi kwa macho ya walowezi. Kutokana na jina la kitabu ndipo likatungwa jina la mhusika, irabu ya mwisho ikigeuzwa ili lisikike kuwa la kike.

Kwa upande wa lugha, mageuzi hayo hayana msingi katika Kiswahili. Neno "uhuru" limejengwa kwa kiambishi u- cha dhahania na kivumishi "huru" chenye asili ya Kiarabu. Irabu yake ya mwisho ni ya shina. Haionyeshi jinsia, wala ngeli za Kiswahili hazitenganishi kike na kiume. Kanuni iliyotumika ni ya lugha za Ulaya zenye asili ya Kilatini, ikapachikwa juu ya neno la Kibantu. Hata hivyo Kiswahili hakikuishia katika jina. Katika mchezo wa kwanza kuonyeshwa, "The Man Trap", na tena katika "The Changeling" wa 1967, Uhura anahusishwa na maneno ya Kiswahili yanayotamkwa waziwazi, jambo lililokuwa nadra katika televisheni ya Marekani.

Wahakiki wamelalamika, kwa haki, kuwa Uhura aliachwa mara nyingi mbele ya mitambo ya mawasiliano akirudia maneno machache. Nichols mwenyewe alitaka kuondoka baada ya msimu wa kwanza, na kwa masimulizi yake ni Martin Luther King aliyemsihi abaki. Pengo hilo lilizibwa na hadhira. Kwa kuwa televisheni ilimnyima jina la kwanza, mwandishi William Rotsler, aliyekuwa pia mpenzi mkongwe wa hadithi za kisayansi, alimpa jina "Nyota" katika kitabu cha 1982. Nayo filamu ya 2009 ikalithibitisha. Safari hii hapakuwa na haja ya kuigeuza irabu. Na kwa kuwa katika Kiswahili nyota ni ya angani na pia ni ya bahati ya mtu, jina hili lina uzito wa maana ambao lile la kwanza halina.

HUKUMU ILIYOGEUKA

Ikiwa msimu wa tatu ulikuwa dhaifu, je, barua zilipotea bure? Misimu miwili ya kwanza ilikuwa na michezo 55. Wa tatu uliifikisha 79. Kwa stesheni ndogo zilizokuwa zikinunua michezo ya zamani ili kuionyesha kila siku, akiba hiyo ilitosha. Kwa njia hiyo Star Trek ilipata katika miaka ya 1970 watazamaji ambao haikuwapata ilipokuwa mpya. Mkutano wa wapenzi uliofanyika New York Januari 1972 ulitarajiwa kuwa na mamia. Wakaja zaidi ya 3,000.

Wapenzi hao, na wengi wao walikuwa wanawake, walikuwa wameanza kuandika tangu 1967 katika majarida waliyojichapishia. Waliyachukua mapengo ya michezo na kuyajaza. "All Our Yesterdays", ambamo Spock anampenda mwanamke aliyefungwa katika enzi ya barafu kisha kumwacha, ulimpa A. C. Crispin kiini cha riwaya ya Yesterday's Son, iliyochapishwa 1983. Kufikia 1992 Henry Jenkins na Camille Bacon-Smith walikuwa wamechapisha vitabu vya kitaaluma juu ya hadhira ya namna hii, na uhakiki ukalazimika kukiri kuwa mtazamaji naye ni mtunzi.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba msimu wa tatu wa Star Trek umepata hukumu mbili, na kwamba zote mbili ni za kweli. Kama utunzi, una kasoro nyingi, na waliozitaja kwanza na kwa uchungu ni wale wale walioupigania. Kama tukio katika maisha ya hadhira, ulikuwa daraja ambalo bila yake yaliyofuata yasingalivuka. Mhakiki anayeishia katika matini atauona udhaifu na kuukosa uzito. Anayeishia katika shangwe atauona uzito na kuusahau udhaifu.

Msimulizi wa jadi alilijua hili kabla ya mitambo. Hadithi haianzi mpaka hadhira iitikie, na ikiharibika katikati, ni hao hao waitikiaji wenye haki ya kusema kuwa imeharibika, na pengine wenye wajibu wa kuimalizia.