Risiti ya Mama Mboga: Utangulizi wa Elimu ya Vikao

Baraza la Manispaa ya Nyeri lilizikwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, pamoja na mabaraza mengine yote ya mitaa nchini Kenya. Meya akaondoka, madiwani wakaondoka, karani wa mji akakabidhi funguo. Lakini simama leo kando ya soko mjini Nyeri, Karatina au Embu, uone: mwuza ndizi akiona sare zinakunja kona, atapiga ukelele uleule aliopiga mamake, "Kanjo!", yaani askari wa baraza. Jina limeishi kuliko mwenye jina.

Naanzia hapo kwa makusudi. Wanaobisha hodi kwenye elimu hii ya vikao vya mabaraza hudhani watapokewa na vitabu vya sheria. Vitabu vipo, sikatai, na vingine ni vinene. Lakini mlango mwepesi ni risiti. Chukua karatasi ndogo ambayo mama mboga amepewa asubuhi baada ya kulipa ushuru wa soko. Nani alisema alipe? Na kwa nini kiasi hicho, si nusu yake? Mwenye sare hajui; ametumwa. Aliyemtuma naye ametumwa. Basi ifuate risiti kinyumenyume, kama mtu anayefuata mfereji kuelekea kwenye chemchemi.

Nyuma ya risiti kuna Sheria ya Fedha ya Kaunti, ambayo hutungwa upya kila mwaka na kutaja ada moja moja: kibanda, maegesho, leseni ya duka, gunia la viazi. Nyuma ya sheria hiyo kuna mswada uliosomwa mara tatu katika bunge la kaunti. Nyuma ya kusomwa mara ya pili kuna ripoti ya kamati. Nyuma ya ripoti kuna mkutano wa kushirikisha umma, pengine katika ukumbi wa kanisa, ambapo wananchi waliketi kwenye viti vya plastiki wakaulizwa maoni yao. Na mwisho kabisa wa mfereji, mtu alisimama akasema jambo. Elimu yetu, nikiifupisha hadi kiini chake, ni kuchunguza yanayoipata sauti ya mtu huyo hadi igeuke mstari kwenye karatasi, na mstari huo uwe amri.

Kabla hatujaenda mbali, tujue nani hukaa kitako kwa niaba ya nani. Katika miji ya Mlima Kenya hakuna jiji hata moja; Kenya ina majiji 5 tu, na la karibuni ni Eldoret, lililopewa hadhi hiyo Agosti 2024. Nyeri, Embu, Meru, Chuka na Kerugoya-Kutus ni manispaa. Manispaa ina bodi, na bodi hiyo haichaguliwi na wapiga kura kama walivyochaguliwa madiwani wa zamani. Wajumbe wake huteuliwa, na huwajibika kwa serikali ya kaunti. Kwa hiyo mkazi wa Nyeri mjini anayetaka kumlaumu mtu aliyempigia kura kuhusu mtaro ulioziba humwendea mwakilishi wadi, ambaye ni mmoja wa wawakilishi waliotoka wadi 30 za kaunti nzima, wengi wao kutoka vijiji vya kahawa, chai na viazi ambako mtaro wa mjini si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Kwa maoni yangu, hilo ni pengo ambalo waandishi wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 hawakulipima vizuri. Walitaka miji iendeshwe kitaalamu. Wakasahau kwamba mji ni mahali pa kugombana pia, na ugomvi unahitaji jukwaa lake. Kituo cha matatu cha Asian Quarters mjini Nyeri, kilichojengwa kwa fedha za mpango wa kuboresha miji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na kupewa jina la Field Marshal Muthoni wa Kirima, ni mfano wa kuanzia kwa mwanafunzi yeyote: kuhamisha steji ni uamuzi unaogusa dereva, abiria, mwenye kioski na mwenye nyumba ya kupangisha, kila mmoja kwa namna yake. Nani kati yao alisikika, na katika kikao kipi?

Sasa tuingie ukumbini. Mabunge mengi ya kaunti hukutana Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Spika, ambaye kwa katiba si mjumbe wa wadi yoyote, huingia akitanguliwa na rungu la bunge; bila rungu mahali pake, hakuna kikao. Sala husomwa. Kisha shughuli hufuata mpangilio ambao mgeni huuona kama mkufu usioisha: taarifa za Spika, maombi ya wananchi, karatasi kuwekwa mezani, notisi za hoja, kauli, hoja, miswada. Akidi ni theluthi moja ya wajumbe. Wanaokubali husema Ndio, wanaopinga husema La, na Spika husikiliza kwa masikio yake kabla mtu hajadai kura ihesabiwe.

Wanafunzi huchoka hapa. Mmoja aliniambia kwamba amehudhuria matanga yenye uchangamfu zaidi. Nilimjibu kwamba ukavu huo ni kazi ya mikono. Kanuni za Kudumu zinazoongoza vikao hivi zina ukoo mrefu, kupitia bunge la Nairobi hadi London, ambako Thomas Erskine May alichapisha mwaka 1844 kitabu cha taratibu za bunge ambacho bado kinatolewa matoleo mapya. Karibu kila kanuni ndani yake ni kovu la ugomvi wa zamani. Notisi ya hoja ipo kwa sababu watu waliwahi kuviziwa. Kusoma mswada mara tatu kupo kwa sababu waliwahi kupitisha wasichokisoma. Hoja ya nidhamu ipo kwa sababu mtu mwenye koo pana akiachwa atazungumza hadi jua litue, na sisi wa mlimani tunawajua watu hao kwa majina.

Magazeti huja siku ya vumbi tu, bunge linapotaka kumng'oa gavana. Embu ilimtimua Gavana Martin Wambora mwaka 2014, wa kwanza nchini kung'olewa kwa njia hiyo, na mahakama ikamrudisha. Bunge la Nyeri lilimpigia kura ya kumwondoa Nderitu Gachagua Septemba 2016, Seneti ikamwokoa. Kirinyaga na Anne Waiguru, 2020, vivyo hivyo. Meru na Kawira Mwangaza mara 3, na ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikakubali. Someni visa hivyo, ni vitamu. Lakini angalieni vinasimama na kuanguka juu ya nini: theluthi ya wajumbe kuunga mkono hoja, theluthi mbili kuipitisha, siku za notisi, nani alisikilizwa. Ni mambo yaleyale makavu ya Jumanne alasiri, yamevaa nguo za sikukuu.

Kalenda ndiyo mtaalamu asiyelala. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bungeni kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Sheria ya matumizi ipite kufikia 30 Juni, na ile ya fedha ndani ya siku 90 zinazofuata. Mwananchi anayejitokeza Julai, mwaka wa fedha ukishaanza, kudai kisima amechelewa. Anayejua kwamba kisima huombwa Agosti ya mwaka uliotangulia, mpango unapoandikwa, ana nguvu kuliko anayepiga kelele kwa redio mwaka mzima. Watumishi wa kaunti wanalijua hili vizuri, na sidhani wote wana haraka ya kulitangaza.

Niliposema sauti na mstari, sikuwa natia chumvi, na historia ya hapa mlimani ndiyo inayonipa ujasiri. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Meru, ambao hukutana Nchiru, walitoa hukumu na kutunga kanuni bila karani. Kumbukumbu zilikaa vichwani na uzito wake ulikaa kwenye kiapo. Kisha kuanzia 1925, kwa sheria ya mwaka uliotangulia, mkoloni akaunda mabaraza ya wenyeji, na mkuu wa wilaya, DC, akajipa kiti cha mwenyekiti. Hapo kikaingia kifaa kipya: daftari la kumbukumbu za mkutano. Mzee akasema kwa Kigikuyu au Kimeru, na yaliyobaki kwenye faili yakawa Kiingereza, kisha uamuzi ukapanda ngazi kutafuta kibali. Na bado watu waliligeuza daftari hilo kwa faida yao. Walikubali kutozwa ili wapate shule isiyo chini ya mamlaka ya misheni, na Kagumo, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, ni tunda la mabishano ya aina hiyo. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha 2004, ameonyesha jinsi wasomaji wa misheni ya Tumutumu huko Mathira walivyotumia tafsiri na utunzaji wa daftari kuijenga siasa yao. Ukitaka kitabu kimoja tu cha kuanzia, anza na hicho.

Kwa wapenzi wa Kiswahili kuna chembe ya ziada. DC aliyehangaika zaidi kuiunganisha Njuri Ncheke na baraza rasmi la Meru aliitwa H. E. Lambert. Ndiye yuleyule Lambert ambaye baadaye aliandika juu ya lahaja za Kiswahili za pwani ya kusini mwa Kenya. Mtu aliyesikiliza wazee wa Meru kwa sikio la mtawala ndiye aliyesikiliza Wavumba wa pwani hiyo kwa sikio la mwanaisimu. Sijui kama masikio hayo mawili yanaweza kutenganishwa, na tasnifu nzuri inamsubiri atakayejaribu.

Baada ya uhuru njia ya kupata shule kupitia baraza ilifungwa. Sheria ya 1969 iliyapokonya mabaraza ya kaunti za wakati ule elimu ya msingi, afya na barabara. Yakabaki na soko, kichinjio na ushuru. Hapo ndipo kanjo alipozaliwa katika fikra za watu: baraza lililokuwa likijenga shule sasa lilikutana na mwananchi likiwa limenyoosha kiganja tu. Ukelele wa mwuza ndizi una mizizi ya miaka zaidi ya 50.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuugeuza mfereji. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kufanya kazi kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati viwe mbele ya umma, na wananchi washirikishwe. Wengi walidhani hayo ni mapambo. Kisha Aprili 2014 Jaji George Odunga akaifuta nzima Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Tangazo la gazeti halikumtosha. Alitaka habari ifike makanisani, misikitini, kwenye mabaraza ya wananchi na redio za lugha za watu. Mabunge yote ya mlimani yalisikia kishindo hicho. Tangu hapo kila mswada wa fedha husafiri na orodha ya mahudhurio, picha za mkutano na saini, kama msafiri anayeogopa kukaguliwa.

Lakini orodha ya mahudhurio si kusikia. Niliwahi kukaa katika mkutano mmoja, mji nitauacha bila jina, mama mmoja akasimama akazungumza kwa Kigikuyu kwa muda wa kuchemsha chai. Alieleza kwamba analipa ushuru asubuhi sokoni, kisha mvua ikinyesha anahamia kibaraza cha ng'ambo ya barabara na kutozwa tena, kwa hiyo yeye anailipia mvua. Ukumbi ulicheka, akashangiliwa. Wiki kadhaa baadaye niliitafuta ripoti. Hoja yake ilikuwa pale, kwa Kiingereza safi, mstari mmoja: wafanyabiashara waliomba ada zipunguzwe. Hakuomba ada zipunguzwe. Aliomba risiti moja itambuliwe pande zote mbili za barabara, jambo ambalo lisingeigharimu kaunti chochote ila sentensi moja katika jedwali la mswada. Karani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kurasa 4 za kujaza na jioni ilikuwa imeingia. Sheria inawaruhusu wajumbe kutumia Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya bungeni. Ni kati ya Kigikuyu cha ukumbi na Kiingereza cha ripoti ambapo mvua ya mama yule ilipotea. Kiswahili, ambacho wote pale walikielewa, hakikuulizwa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa elimu hii anahitaji madaftari mawili. Moja aandike aliyoyasikia, jingine anakili yaliyochapishwa, na kazi yake iwe katikati. Asipuuze kilichoahirishwa; hoja nyingi hazikataliwi, huahirishwa hadi zikasahauliwa, na hilo huonekana tu kwa anayepanga ratiba za miezi kadhaa mezani na kuona jina lililokuwapo Machi halipo Juni.

Karibuni basi. Kikao cha alasiri katika mabunge mengi huanza saa nane na nusu. Fika mapema, uwe na kitambulisho; mlangoni watakiuliza. Ukiwa Nyeri mwezi wa saba beba sweta. Omba nakala ya ratiba ya siku, na wakisema zimeisha, omba tena kwa upole. Zima simu. Spika akiingia, simama.