Kadi za Zawadi: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuzinunua au Kuzipokea

Katika sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, hasa pale ambapo mjomba au shangazi anaishi Marekani, Uingereza au Kanada, zawadi haifiki tena sikuzote ikiwa imefungwa kwa karatasi ya maua. Mara nyingine hufika kama picha katika simu: kadi yenye jina la duka, kiasi cha fedha na mfululizo wa tarakimu. Wapo wazazi wanaoipokea kwa furaha kisha wasijue la kufanya nayo. Wapo pia waamini waliopata ujumbe wenye jina na picha ya paroko wao, ukiwaomba wanunue kadi za namna hiyo haraka kwa ajili ya mgonjwa. Mambo haya mawili yana uhusiano mkubwa kuliko unavyoweza kudhaniwa, kwa kuwa yote yanatokana na maumbile ya kadi yenyewe.

Anayeifahamu vocha ya kukwangua ya muda wa maongezi tayari anaifahamu kadi ya zawadi kwa nusu. Kipande kile cha karatasi hakina thamani. Thamani imo katika tarakimu zilizofichwa chini ya utando wa rangi ya fedha. Atakayezikwangua na kuziingiza wa kwanza ndiye mwenye salio, hata kama vocha ilinunuliwa na mwingine. Kadi ya zawadi huenda kwa kanuni hiyohiyo: haina jina la mwenyewe, haiulizi kitambulisho, na namba zake zikisomwa kwa simu au kupigwa picha zinaweza kutumika upande wa pili wa dunia katika muda wa dakika chache. Tofauti ni ukubwa wa kiasi. Vocha hubeba shilingi elfu moja au mbili, ilhali kadi moja huweza kubeba dola 25, dola 100, hata dola 500.

Kadi hizi ni za aina mbili. Ya kwanza hutumika katika duka au kampuni moja tu, kwa mfano Amazon, Apple au Walmart. Ya pili ina nembo ya Visa au Mastercard na hukubaliwa karibu kila mahali panapopokea kadi za benki. Hiyo ya pili huonekana bora kwa sababu ya uhuru wake, lakini kwa kawaida mnunuzi hutozwa ada juu ya thamani yake, dola kadhaa kwa kila kadi, fedha ambayo haimfikii mpokeaji. Kadi ya duka moja kwa kawaida haina ada hiyo, ila humfunga mpokeaji kwa muuzaji mmoja, apende asipende. Kwa maoni ya mwandishi, noti katika bahasha bado haijapata mshindani. Na kwa ndugu aliye mbali, kutuma fedha kwa simu humwacha mzazi wa mtoto huru kununua viatu, madaftari au kulipa karo.

Jambo linalowasumbua wengi katika nchi zetu ni mipaka. Kadi ya Apple iliyonunuliwa Marekani hufanya kazi katika akaunti ya Apple ya Marekani, si katika akaunti iliyofunguliwa Kenya au Tanzania. Ya Google Play nayo hudai nchi ya kadi ilingane na nchi ya akaunti. Kadi ya tovuti ya Amazon ya Marekani haikubaliwi katika tovuti ya Amazon ya Uingereza, licha ya kwamba jina ni lilelile. Kwa hiyo ndugu aliyeko Minnesota anayetaka kumfurahisha mpwa wake wa Moshi aulize kwanza: akaunti ya kijana ni ya nchi gani? Kadi zilizokwisha kulipiwa ni nadra kurudishwa dukani, na wengi waliokosea hapo hubaki na salio wanalolitazama tu.

Kuhusu muda wa matumizi, sheria hutofautiana. Nchini Marekani, sheria iliyotiwa saini mwaka 2009, ambayo vifungu vyake kuhusu kadi za zawadi vilianza kutumika mwezi Agosti 2010, inaagiza kwamba fedha iliyomo isipotee kabla ya miaka 5 tangu kadi iliponunuliwa au ilipoongezwa salio kwa mara ya mwisho. Makato kwa sababu ya kutoitumia hayaruhusiwi mpaka kadi ikae miezi 12 bila kuguswa. Ireland nayo iliweka miaka 5 mwaka 2019, na Australia mwaka huohuo ikaweka miaka 3. Asidhani mtu kwamba kinga hizi husafiri pamoja na jina la kampuni. Kadi au hati ya zawadi inayouzwa na duka la hapa nyumbani ina masharti yake, na mengine huisha muda katika miezi michache. Masharti hayo huchapwa nyuma kwa maandishi madogo. Yasomwe kabla ya kulipa, si baada ya sherehe.

Duka nalo linaweza kufa. Mnamo Januari 2013 kampuni ya HMV ya Uingereza, muuzaji wa muziki na filamu, iliwekwa chini ya usimamizi wa wafilisi, na kwa siku kadhaa kadi zake zikakataliwa katika maduka yake yenyewe kabla ya uamuzi huo kubatilishwa. Toys “R” Us ya Marekani ilipokuwa ikifunga maduka mwaka 2018, na Bed Bath & Beyond mwaka 2023, wenye kadi walipewa wiki chache tu za kuzitumia. Anayeshika kadi ya zawadi kwa kweli amelikopesha duka fedha yake bila riba. Duka likifilisika, husimama katika foleni ya wadai, nyuma ya mabenki yenye dhamana. Ndiyo maana haifai kuihifadhi kadi kana kwamba ni akiba.

Upo pia wizi unaofanyika kabla kadi haijauzwa. Wezi huchukua kadi zinazoning’inia madukani, hufungua bahasha yake kwa uangalifu, hunakili namba, hufunika tena utando na kuirudisha mahali pake. Wakati huo kadi haina kitu. Mteja anapolipa na keshia kuiamilisha, wezi waliokuwa wakiichungulia kupitia kompyuta huifyonza mara moja. Jimbo la Maryland nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2024 kudai ufungaji ulio salama zaidi kwa sababu hiyo. Anayenunua akague kama bahasha imechanika au imegundishwa upya, kama utando wa namba ya siri umeguswa, na achukue kadi iliyo nyuma ya nyingine au iliyowekwa karibu na keshia. Risiti itunzwe mpaka salio liishe. Bila risiti, madai karibu yote hugonga mwamba.

Sasa tuje kwenye ule ujumbe wa paroko. Mwaka 2019, Tume ya Biashara ya Shirikisho nchini Marekani ilitoa tahadhari mahususi kwa waamini wa dini mbalimbali: matapeli walikuwa wakijifanya wachungaji, mapadre, marabi na maimamu, wakiwaandikia watu wa jumuiya zao. Mbinu ni rahisi. Tapeli huchukua jina na picha ya padre kutoka tovuti ya parokia, hufungua anwani ya barua pepe inayofanana na yake kwa tofauti ya herufi moja, kisha huandika kwa upole: “Mwanangu, uko wapi? Nahitaji msaada wako kwa siri.” Mwamini akijibu, huambiwa kwamba padre yuko kikaoni na hawezi kupokea simu, kwamba kuna mgonjwa wa saratani au yatima, na kwamba kadi kadhaa zinunuliwe mara moja, zikwanguliwe, na picha za namba zitumwe. Sisi tuliozoea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” tunaitambua sauti ya ndugu yake. Hapa hata hivyo tapeli haazimi tu uzembe wa mtu. Anaazima upendo wake kwa Kanisa na heshima yake kwa daraja takatifu, na hilo ndilo linaloumiza.

Matapeli hupenda kadi kwa sababu ile tuliyoieleza mwanzoni. Uhamisho wa benki huacha jina, na muamala wa simu huacha namba iliyosajiliwa, lakini tarakimu za kadi haziachi karibu chochote. Mwaka 2023 peke yake, watu nchini Marekani waliripoti kwa Tume hiyo hasara ya zaidi ya dola milioni 200 zilizolipwa kwa matapeli kupitia kadi za zawadi. Idara ya kodi, polisi, kampuni ya umeme au hospitali haidai kulipwa kwa njia hii. Parokia nayo vilevile. Sheria za Kanisa, kanuni ya 537, zinataka kila parokia iwe na baraza la mambo ya uchumi linalomsaidia paroko kusimamia mali. Kanuni ya 1284 inadai vitabu vya mapato na matumizi vitunzwe kwa mpangilio. Na kanuni ya 1267 inaagiza kwamba kile waamini walichotoa kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu. Kadi iliyokwanguliwa na kupigwa picha haiwezi kuingizwa katika kitabu chochote kati ya hivyo. Padre mwenye mgonjwa wa kusaidiwa hutangaza kanisani, huwaeleza viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, au hupeleka jambo Caritas. Na fedha hupokelewa kwa stakabadhi.

Basi mwamini akipata ujumbe wa namna hiyo, asijibu palepale. Ampigie paroko kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, au aende ofisi ya parokia, au amuulize katekista. Kumuuliza padre kama kweli aliandika si kumkosea heshima. Kinyume chake, humsaidia kujua kwamba jina lake linatumiwa vibaya, naye aweze kuwatahadharisha wengine wakati wa matangazo ya Dominika.

Vijana wanahitaji neno la pekee. Katika mitandao wapo wanaotafuta watu wa “kubadilishia kadi”: kijana hupokea namba, huziuza kwa bei ya chini, hubakiza asilimia yake na kutuma zilizobaki. Huambiwa kwamba hiyo ni biashara. Lakini namba nyingi za namna hiyo zimetoka mikononi mwa mjane aliyedanganywa mapenzi au mzee aliyetishwa kwa jina la polisi. Amri ya saba haiishii kwa aliyenyoosha mkono. Anayeuza kwa kujua kitu kilichoibwa anashiriki wizi, na mbele ya sheria za nchi anaweza kushtakiwa.

Kwa aliyekwisha kutuma namba, saa za kwanza ni muhimu kuliko zote. Awasiliane mara moja na kampuni iliyotoa kadi, kwa njia iliyochapwa kwenye kadi yenyewe au katika tovuti yake rasmi, akiwa na kadi na risiti mkononi, aombe salio lizuiwe. Ikiwa halijatumika, wakati mwingine huokolewa. Kisha atoe taarifa polisi. Nchini Tanzania, namba ya simu iliyotumiwa na tapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Wala asikubali msaada wa mtu anayejitokeza baadaye mtandaoni akiahidi kumrudishia fedha zake kwa malipo kidogo ya awali, maana mara nyingi huyo ni tapeli yuleyule amerudi kwa jina jingine.