Mlo wa Kijapani na watoto: Uliza kabla ya kuketi

Baba na mama wa Mikocheni wakiamua kusherehekea kwa chakula cha Kijapani, watoto nao watataka kwenda. Si vibaya, ila yapo ya kujua mapema.

Mlo wa kifahari wa Wajapani, uitwao kaiseki, huletwa kwa sahani ndogo ndogo, moja baada ya nyingine: supu, samaki mbichi, cha kuchoma, cha kuchemsha. Wali huja mwishoni, pengine baada ya saa mbili. Mtoto aliyezoea kuanza na wali atakuwa ameshasinzia. Mpe chochote nyumbani kabla ya kutoka.

Zito zaidi ni huyo samaki mbichi, sashimi. Mama mjamzito na mtoto mdogo wasile, maana samaki asiyepikwa anaweza kuwa na bakteria au minyoo. Waagizieni aliyeiva.

Kisha michuzi. Mchuzi wa soya huwa na soya na ngano, hivyo mtoto mwenye mzio aangaliwe. Mirin, kiungo kitamu cha jikoni kwao, ina pombe, na sake, pombe ya mchele, nayo hutumika kupikia. Kwa familia ya Kiislamu hilo si dogo, na kwa ladha tu huwezi kulitambua.

Simu moja wakati wa kuweka nafasi inatosha: Kuna chakula cha watoto? Mchuzi una pombe? Bei ni ya kila mtu? Mhudumu akisema hajui, mwombe amuulize mpishi.