Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, unajifunza kula upya

Aliingia kwenye chumba changu akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Wiki nane kabla ya siku hiyo, mama huyu wa miaka 38 alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na upasuaji ulikwenda vizuri. Uzito ulikuwa unashuka, sukari imetulia, nguo za zamani zinampwaya. Lakini hakuja kunionyesha nguo. Miguu ilikuwa na ganzi, alikuwa akiyumba anapotembea, na kwa wiki tatu alikuwa akitapika karibu kila siku.

"Mbona hukuja mapema, mama?" nilimuuliza.

"Daktari, nilijua ndiyo upasuaji wenyewe ulivyo. Nikadhani kutapika ni kawaida."

Kutapika kulianza wiki ya tano, alipokwenda kuwasalimia wakwe. Mama mkwe alimsongea ugali na kumchomea nyama. Alionja tonge la kwanza, la pili, la tatu, kwa sababu aliona aibu kukataa. Usiku ule hakulala. Tangu hapo, kila alichokula kilirudi, naye akaficha ili ndugu wasiseme, "Si tulikwambia usiende kukatwa tumbo?"

Nilimwomba karatasi ya maelekezo ya chakula tuliyompa. Akaitoa kwenye pochi. Nikaisoma upya, na zamu hii aliyeona aibu ni mimi. Ilikuwa imejaa vyakula vya nchi za watu: jibini laini, brokoli, supu za makopo. Ugali haukutajwa popote, wala kwa kuruhusiwa wala kwa kukatazwa. Makala ya leo ndiyo karatasi niliyopaswa kumpa.

Nini kimebadilika tumboni?

Zipo aina mbili za upasuaji zinazofanyika zaidi. Ya kwanza ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takribani asilimia 75 hadi 80, na kubakiza mrija mwembamba wenye umbo kama ndizi. Ya pili ni kutengeneza kimfuko kidogo cha takribani mililita 30, sawa na vijiko viwili vikubwa vya chakula, kisha kukiunganisha na utumbo mwembamba, hivyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo.

Kwa vyovyote vile, nafasi imekuwa ndogo sana. Njaa nayo hupungua, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu homoni kuu ya njaa hutengenezwa zaidi katika sehemu ya mfuko iliyoondolewa au kurukwa. Na kwa waliofanyiwa aina ya pili, mwili hunyonya madini na vitamini chache kuliko zamani.

Wapo pia wanaowekewa puto tumboni, huduma inayotolewa hata kwetu hapa, Mloganzila ikiwemo. Puto si upasuaji na hutolewa baada ya miezi kadhaa, lakini mengi kuhusu ulaji wa taratibu yanawahusu pia. Watumie ratiba waliyopewa na daktari wao.

Hatua nne za mwanzo

Hospitali hutofautiana kidogo, kwa hiyo ratiba ya daktari wako ndiyo ya kufuata. Kwa kawaida mambo huenda hivi.

Siku moja au mbili za kwanza ni vimiminika vyepesi: maji, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, chai ya rangi isiyo na sukari. Unakunywa kwa mafunda madogomadogo.

Hadi mwisho wa wiki ya pili, ongeza vimiminika vyenye protini: maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi usiotiwa sukari, uji mwepesi uliotengenezwa kwa maziwa, supu ya samaki iliyochujwa vizuri.

Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa vikawa laini kama chakula cha mtoto anayeanza kula: maharage au choroko zilizosagwa na kuchujwa maganda, samaki asiye na miba aliyesagwa na mchuzi, mtori laini, parachichi lililopondwa.

Wiki ya tano na ya sita ni vyakula vyororo vinavyopondeka kwa uma: mayai, samaki wa kuchemsha, nyama ya kusaga yenye mchuzi, boga, viazi, papai, mchicha uliokatwa mdogo na kuiva sana.

Baada ya hapo unarudi kwenye chakula cha kawaida, kimoja kimoja. Ugali, wali ulioshikana, chapati, mkate laini na nyama kavu ya kuchoma ndivyo vinavyosumbua wengi, kwa sababu hugandamana au hukwama. Viache viwe vya mwisho kujaribiwa. Siku utakapojaribu ugali, uwe laini, kipande kidogo kuliko tonge ulilozoea, na mchuzi wa kutosha. Ukikataa kushuka, subiri wiki chache ndipo ujaribu tena.

Kanuni za mezani

Tafuna kila kipande mara 20 hadi 30, mpaka kiwe kama uji mdomoni. Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Tumia sahani ya kisosi na kijiko cha chai.

Usinywe maji pamoja na chakula. Acha kunywa unapoanza kula, kisha subiri nusu saa baada ya kumaliza. Maji hujaza nafasi iliyopaswa kuwa ya chakula na yanaweza kukuletea kutapika. Lakini kati ya mlo na mlo kunywa mara kwa mara, ufikishe lita moja na nusu kwa siku au zaidi. Kwa joto la Dar es Salaam, tembea na chupa yako. Upungufu wa maji ni moja ya sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitali.

Acha kula mara tu unapohisi umeshiba. Shibe mpya haifanani na ile ya zamani. Wengine huihisi kama mkazo chini ya kifua, wengine hupata kwikwi, wengine pua huanza kutiririka. Kijiko kimoja baada ya hapo ndicho kinachorudi.

Protini kwanza, wanga mwisho

Wengi wanahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina takribani gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina gramu 20 au zaidi. Kwa hiyo anza na samaki, yai, kuku au maharage, fuatisha mboga, na wanga uje mwisho kama nafasi ipo. Dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye mchuzi ni msaada mkubwa kwa bei ambayo wengi tunaimudu.

Protini isipotosha, mwili hula misuli yake wenyewe. Nywele nazo hupukutika. Kupukutika kiasi kati ya mwezi wa tatu na wa sita hutokea kwa wengi na mara nyingi nywele huota tena, lakini kukizidi mwambie daktari.

Sukari na jasho la ghafla

Utakunywa soda au juisi ya miwa, au utakula keki, na baada ya dakika 10 hadi 30 moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka, tumbo linasokota, unaharisha na unatamani kulala. Hii ni kwa sababu sukari imekimbilia kwenye utumbo mwembamba kwa kasi. Huwapata zaidi waliounganishwa utumbo. Wengine hupata kutetemeka na kizunguzungu saa moja hadi tatu baadaye, kwa sababu sukari ya damu imeshuka mno. Dawa yake kubwa ni kuepuka vitu vitamu na kula milo midogo yenye protini.

Ujue pia kwamba tumbo dogo haliizuii soda, wala juisi, wala aiskrimu. Hivyo hupita bila kizuizi, na ndivyo vinavyorudisha kilo kwa watu wengi mwaka wa pili na kuendelea.

Pombe nayo hulewesha haraka kuliko zamani, hata kiasi kidogo. Kama unaendesha gari, usijaribu kabisa.

Vidonge ni vya maisha

Uzito ukishuka, watu huacha vidonge. Hilo ni kosa. Utahitaji vidonge vya vitamini mchanganyiko, vitamini B12, madini ya chuma, kalisiamu na vitamini D, kwa kiwango atakachopanga daktari wako, maisha yako yote. Chuma na kalisiamu usimeze pamoja. Tenganisha kwa saa mbili. Usimeze chuma kwa chai, kwa sababu chai huzuia kisinyonywe. Vipimo vya damu vifanyike kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka.

Kama unatumia insulini au dawa za kisukari na presha, dozi huhitaji kubadilishwa mapema, wakati mwingine ndani ya siku chache. Usiendelee na dozi ya zamani wala usiache mwenyewe. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usinunue kiholela dukani. Zinaweza kukuletea vidonda vya tumbo, hasa kama uliunganishwa utumbo.

Kwa akina mama walio katika umri wa kuzaa: uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa waliohangaika kwa miaka. Tunashauri usubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifanye kazi vizuri baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo, kwa hiyo zungumza na mtoa huduma kuhusu sindano, kipandikizi au kitanzi.

Ukiwa ugenini

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mwenyeji. Sema mapema, kabla hujafika: "Mama, nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, daktari ameniruhusu supu tu kwa sasa." Huna haja ya kueleza zaidi. Kwenye sinia la pilau omba kisosi chako, chukua nyama au kuku kidogo, kaa na wenzako mpaka mwisho. Wanachotaka ni uwepo wako.

Yatakuwepo pia maneno. Mtu akikonda haraka, majirani hugundua ugonjwa kabla ya daktari. Chagua mtu mmoja au wawili wa karibu wanaojua ukweli wote, ili usibebe siri hii peke yako kama mgonjwa wangu alivyobeba.

Ramadhani ikikaribia, muone daktari kwanza. Miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, kufunga kutwa bila maji ni hatari, na mgonjwa ana ruhusa ya kulipa baadaye.

Kwa wazazi

Kama ni wewe uliyefanyiwa, kumbuka kuna macho madogo yanakutazama. Usimpime mtoto chakula kwa kisosi chako, yeye anakua. Lakini mboga, samaki na maji badala ya soda viwe vya nyumba nzima. Na usiuseme vibaya mwili wako mbele ya binti yako. Atajifunza kuuchukia wa kwake.

Kama ni kijana wako aliyefanyiwa, baada ya uchunguzi wa kina wa madaktari, kazi yako ni kuhakikisha vidonge vinamezwa na miadi haipiti. Ongea pia na shule kuhusu chupa ya maji na vitafunwa vyake. Usimlazimishe amalize sahani, hata kama roho inakuuma.

Usisubiri, nenda hospitali

Homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kinyesi cheusi kama lami: hayo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Kutapika kunakoendelea zaidi ya siku moja au mbili si kawaida. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ndogo, huisha ndani ya wiki chache, na ikiisha neva huumia: ganzi, kuyumba, kuona vitu viwiliviwili, kuchanganyikiwa. Ukifika kituo chochote cha afya, wewe au ndugu yako mseme wazi, "Huyu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na amekuwa akitapika." Hilo ni muhimu, kwa sababu dripu ya glukosi ikitolewa kabla ya vitamini B1 inaweza kuzidisha madhara.

Mgonjwa wangu alipata vitamini B1 kwa sindano siku ileile. Kutapika kuliisha ndani ya wiki. Ganzi ilikaa miezi, na vidole vya mguu wa kushoto havijarudi sawasawa hadi leo. Lakini anatembea, na alipokuja kliniki mara ya mwisho alikuja peke yake.

Aliniambia mama mkwe alilia aliposikia kilichotokea. "Mwanangu, ungeniambia tu," alimwambia. Siku hizi akijua anakuja, anabandika sufuria ndogo pembeni, ya mtori laini, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa.