Kipandauso na Swaumu: Tujiandae Tangu Shaabani

Ramadhani inapokaribia, zipo nyumba, tangu Wazo na Tegeta hadi Mbagala, ambamo furaha ya kuupokea mwezi mtukufu huchanganyika na hofu. Mama anajua kwamba siku za mwanzo, ifikapo alasiri, upande mmoja wa kichwa utamgonga, moyo utamchafuka, wala hatastahimili mwanga. Wapo watakaomwita mvivu, na wapo watakaosema ana jini. Ndugu msomaji, hayo ni maradhi, na jina lake ni kipandauso.

Waarabu huyaita shaqiqa. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) aliumikwa kichwani kwa ajili yake, hali ya kuwa yumo katika ihramu. Basi asidharauliwe mwenye kuugua.

Matabibu wanaeleza kuwa asili yake ni ubongo, hurithiwa katika koo, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Yasipotibiwa, maumivu hudumu saa 4 hadi 72. Ubongo wa mgonjwa hauvumilii mabadiliko ya ghafla: kukosa mlo, maji au usingizi, fadhaa, jua kali, harufu nzito za udi na marashi, na kwa wanawake siku za hedhi.

Sasa tuitazame siku ya swaumu hapa Dar es Salaam: saa zipatazo 13 bila maji, usiku uliokatwa na daku, na mzoefu wa kahawa au chai ya rangi ameikosa kwa ghafla. Vichochezi kadhaa hukutana siku moja. Dawa yake ni maandalizi.

Kwanza, tangu Shaabani tupunguze kahawa na chai kikombe baada ya kikombe. Pili, tusiache daku. Tuicheleweshe, iwe na maharage, mayai au uji. Tatu, tunywe maji kidogo kidogo baina ya futari na daku. Nne, tulale mapema baada ya tarawehe, na tupumzike adhuhuri. Tano, mgonjwa aandike katika daftari siku, chakula na usingizi wake, apate kukijua kichochezi chake.

Tujihadhari na vidonge vya maumivu. Vikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi, vyenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Anayeugua mara kwa mara amwone daktari. Zipo dawa za kinga, na nyingine humezwa usiku tu.

Maumivu yaliyozuka ghafla kwa ukali usio wa kawaida, homa na shingo kukakamaa, au kupooza upande mmoja, si mambo ya kungoja futari. Mgonjwa akimbizwe hospitali.

Na swaumu ikimzidi, Qur'ani katika Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni rehema ya Mola wake. Waume na watoto wasimfanye aione haya.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.