Fahamu: Spishi mpya ya jamii ya kunde hupataje jina?

Museum Hill, mahali katikati ya jiji la Nairobi panapokutana na Westlands, pana Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyohamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Ndani yake matawi makavu yamebandikwa kwenye karatasi, kila moja na tarehe na mahali lilipochumwa.

Anayeshuku kuwa kapata kichaka kipya cha jamii ya kunde huyapitia kwanza. Ua halitoshi. Hupima ganda, huhesabu mbegu, hukagua vinyweleo vya jani, kisha hulinganisha na jamaa zake wa karibu. Hiyo ndiyo kazi ngumu: jenasi ya Crotalaria pekee, yenye mboga ya mitoo, ina mamia ya spishi Afrika.

Kisha sampuli moja huteuliwa kuwa kielelezo rasmi cha jina. Tangu 2012 maelezo ya spishi yanayochapishwa pamoja na jina lake yanaweza kuandikwa kwa Kilatini au Kiingereza, na jarida la mtandaoni linakubalika. Kielelezo cha mmea wa Kenya, kwa maoni yangu, kibaki Nairobi, na nakala zake ndizo zisafiri kwenda hebaria ya Kew, Uingereza.